Kisima Kilichokataa Kuvuka Elfu

Kila asubuhi saa moja kasorobo nilikuwa nimeshakaa mezani, redio mbele yangu na kalamu mkononi, moyo ukinidunda kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kazi yenyewe ukiisikia utapiga miayo. Vituo vya jangwani, kusini ya mji wa Adam, vilikuwa vinaita kimoja kimoja na kunisomea kila kisima kimetoa mapipa mangapi ya mafuta tangu jana asubuhi, na mimi naandika. Baadaye natia nukta kwenye karatasi ya miraba, naunganisha nukta ya leo na ya jana, basi. Lakini mimi toka utoto wangu nikiona mstari unapanda naona raha, ukishuka nanuna. Mama yangu alikuwa akinitazama tu ninavyovua viatu jioni, anajua visima vimeamkaje.

Hii ilikuwa Nizwa, Omani, katikati ya miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya umeme, mali ya mkandarasi aliyeajiriwa kupima visima vya wengine. Sisi wenyewe hatukuwa na kisima hata kimoja. Tulikuwa na mita, matangi ya kupimia na madaftari, na mwanamke katika ofisi nzima nilikuwa peke yangu.

Mama hakuipenda kazi hii. Alitoka Unguja na masanduku mawili na sisi watoto, na katika masanduku yale hakupakia wazo la binti yake kuzungumza na wanaume kwenye redio alfajiri. Alitaka niwe mwalimu. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi Ibra na mkewe, alikuwa ameshanitafutia nafasi kwenye shule iliyo karibu na kwake, na chumba ameshakipaka rangi. Nilijua maana ya chumba kile. Asubuhi nifundishe, mchana nimlelee wanawe. Wanawe nawapenda, lakini si kiasi hicho.

Mwaka ule wenye visima wakajaribu jambo jipya. Chini kabisa, chini ya miamba iliyozoeleka, palikuwa na mwamba mgumu uliojipanga tabaka juu ya tabaka kama mkate wa kusukuma, na mafuta yamenasa ndani ya tabaka zenyewe, hayatoki. Wakachimba kisima kimoja kuteremka, kisha wakakipinda kikaingia ubavuni mwa mwamba, wakausukumia maji kwa presha kubwa mpaka ukapasuka. Watu wengi walisema ni upuuzi. Mimi niliposikia tu kwamba tumepewa sisi kukipima, sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa mhandisi kijana, Muomani aliyezaliwa Bujumbura. Kiswahili chake kilikuwa kinatuchekesha, naye alikuwa akisema sisi watu wa Unguja tunazungumza kama tunambembeleza mtoto anywe dawa. Alikuwa hodari, mwenye haraka, na hakuficha jambo. Siku kisima kilipofunguliwa aliniita akanieleza wazi. Visima vya mwamba wa namna ile huanza kwa kishindo halafu huporomoka wiki chache tu. Hiki kikijikaza, wenyewe watachimba vingine kadhaa, mtambo wa kuchimbia utabaki na sisi tutakuwa na kazi ya miaka. Kikianguka, mtambo utang'olewa na ofisi ya Nizwa itafungwa. Yeye atahamia Maskati. Mimi hakunitaja, lakini nilikiona kile chumba cha Ibra na rangi yake.

Aliyekaa na kisima kile alikuwa mzee mmoja wa Pemba niliyemwita ami, ingawa hatukuwa ndugu. Alikuwa na miaka mingi katika kazi ya visima kuliko mtu yeyote ofisini. Vituo vingine vilisoma kwa Kiarabu au Kiingereza. Yeye, akishajua kwamba ni mimi ninayeandika, alikuwa akinisomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Kwanza shikamoo yangu na marahaba yake, kisha nimeamkaje, mama ameamkaje, halafu ndiyo namba.

Siku ya kwanza alinisomea mapipa mia tisa na tisini. Niliinuka kitini. Visima vyetu vya zamani, vile vya mwamba laini, vilikuwa haviifikii hata nusu ya namba ile. Siku ya pili mia tisa na themanini na tano. Ya tatu mia tisa na tisini tena. Wiki ikapita, zikapita mbili, kisima hakishuki, na mimi nikaanza kupita kwenye vyumba vya wenzangu na karatasi yangu mkononi kama mtu anayeonesha picha ya harusi. Mhandisi naye alikuwa akija mezani kwangu kabla hajanywa chai.

Wiki ya nne akaacha kuja. Wiki ya tano akaja akasimama nyuma yangu muda mrefu, akaniambia kuwa mstari ule haumpendezi. Kisima cha kweli hutikisika. Leo kinapanda kidogo, kesho gesi inakisumbua, keshokutwa valvu imechezewa. Changu kilikuwa kimenyooka kama kimepigwa rula, siku zaidi ya thelathini, na hakikuvuka elfu hata siku moja. Akasema mzee wangu anakaa kwenye kiti, anakunywa kahawa, anatunga. Nilimjibu kwa ukali ambao mwajiriwa hamjibu mkuu wake, nikaenda kulia msalani.

Pale pale palikuwa na jambo jingine ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilifumbia macho. Visima vyote vya upande ule, vya zamani na kile kipya, vilimwaga mafuta yao kwenye tangi moja kubwa, na tangi lile lilipimwa kila siku na mtu mwingine. Ukijumlisha namba za visima vyangu vyote, ilipaswa ikaribie namba ya tangi. Haikukaribia. Tangi lilikuwa na mafuta mengi zaidi, kila siku, wala hayajulikani yametoka wapi. Na desturi ya kazi ni kwamba ziada ya namna hiyo hugawiwa visima vyote, kila kimoja kiongezewe kidogo. Kwa hiyo kwenye ripoti visima vikongwe vilikuwa vinaonekana vimepata ujana, na kisima cha mwamba mgumu kinaonekana hakivipiti sana, na namba zake hazina uhakika.

Siku ya Jumatano mhandisi akaniambia kwamba Jumamosi wenye visima wanakuja Nizwa kuamua. Yeye atawapa ripoti, na nukta zangu zote atazipiga mstari wa kuzifuta. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa uchovu. Nikamwomba gari la ofisi kesho yake, Alhamisi, niende nikaione mita kwa macho yangu. Alikubali kwa sababu hakuwa na la kupoteza.

Mama aliposikia kuwa nakwenda jangwani na dereva, akasema nakwenda na yeye. Akapakia kikapu cha vitumbua na sambusa na chupa mbili za chai ya maziwa, akakaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Tulipofika Adam akamsimamisha dereva ili aangalie mbuzi sokoni. Hakutaka kununua, alitaka tu kujua bei na kuikataa. Mimi nilikuwa nakula kucha. Baada ya Adam barabara ikanyooka, miti ikaisha, na mimi nikaanza kuhesabu kichwani mita itanionesha nini. Nilikuwa na hofu, lakini furaha ilikuwa imeishinda hofu. Kwa zaidi ya mwezi nimekijua kisima kile kwa sauti tu, na sasa nakwenda kukiona.

Ami alitoka kwenye kontena lake akiwa amevaa kofia safi ya vitobo na ovaroli ya kazi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama, kisha akamtazama mama, na baada ya hapo mimi sikuwapo tena. Wakaanza kuulizana watu. Haikupita robo saa wamegundua kuwa shangazi yake ami aliolewa Mkunazini, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi yangu mzaa mama. Chai ikamiminwa, vitumbua vikatolewa. Nikawaacha, nikaenda kwenye mita.

Kisima chenyewe hakina cha kuona, ni mabomba na magurudumu ya valvu yaliyosimama juani. Lakini nikaweka mkono juu ya bomba na nikalisikia linatetemeka. Mita ilikuwa ya namna ya kizamani. Ndani yake palikuwa na karatasi ya duara inayozunguka mara moja kwa siku, na kalamu nyembamba inachora juu yake mwendo wa mafuta yanavyopita. Nikaitazama kalamu ile imesimama wapi. Nikatoa daftari, nikapiga hesabu. Nikapiga tena. Kisima kilikuwa kimevuka elfu, na kimevuka mbali.

Nilirudi kontenani mbio, mchanga umejaa viatuni. Nikamwambia ami kwamba mita inasema namba nyingine kabisa na ile aliyonisomea asubuhi. Akaweka kikombe chini. Nikaanza kupandisha sauti. Nikamwambia ofisi inafungwa kwa ajili yake, mtambo unaondoka kwa ajili yake, mhandisi anamwita mtungaji na mimi nimemtetea mpaka nimelia. Mama akaninyooshea mkono ninyamaze. Kisha akamgeukia ami, kwa upole kabisa, kama wanaendelea na mazungumzo yao.

"Kaka yangu, una watoto wangapi?"

"Wapo, alhamdulillahi," ami akasema.

"Na kisima je?"

Ami akatazama chini. "Kipo, alhamdulillahi."

Mama akanigeukia. "Umefahamu sasa, au bado?"

Nikafahamu, nikakaa chini. Kwetu mtu mzima ukimuuliza idadi ya watoto wake hakwambii. Hata mama, katika fomu za serikali, alikuwa akiandika idadi yetu huku amekunja uso, halafu anasoma dua. Neema haihesabiwi mbele ya watu, usije ukaipa jicho la hasidi. Ami alikuwa amepewa kisima kikubwa kuliko vyote alivyopata kuvipima maishani, na kila asubuhi akiambiwa akitaje kwenye redio, vituo vyote vinasikiliza. Basi akawa anakikata. Kila siku anakiteremsha chini ya elfu, anakipa namba ya heshima tu, isiyomtoa mtu roho.

Akatueleza. Zamani, kwenye kisima kingine, alikuwa kijana na alifurahi. Akaitaja namba kubwa redioni kwa kelele, watu wakashangilia, na kabla ya wiki kwisha mafuta yakageuka maji matupu. Hakuna aliyemlaumu isipokuwa yeye mwenyewe. Toka siku hiyo akaapa hataitaja tena namba kubwa mbele ya watu.

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Nikamwuliza, sasa namba za kweli ziko wapi, zimepotea zote? Hapo ami alinitazama kama nimemtusi. Akainuka, akafungua kabati la chuma, akaondoa kanga iliyofunika rafu ya chini. Karatasi zote za duara zilikuwa pale, kila siku na yake, zimepangwa kwa tarehe, hazina hata doa la mafuta.

"Hizi zimeandikwa na mashine," akasema. "Mimi mashine sijaikata ulimi. Nimeukata wangu."

Nadhani sijapata mchana mzuri kama ule katika maisha yangu ya kazi. Nilizitandaza karatasi juu ya kitanda cha ami, nikasoma moja moja, mama ananishikia zisipeperushwe na kiyoyozi, ami anazirudisha kwa zamu. Niliandika kwa haraka, saba zangu zikawa kama moja. Nukta zikaanza kupanda kwenye karatasi ya miraba, na hazikuwa zimenyooka. Zilianza juu kabisa, zikateremka kidogo wiki mbili za mwanzo, zikayumba siku ya gesi, kisha zikajikaza, zikakaa. Kisima cha kweli, kinachotikisika. Halafu nikachukua namba za tangi kubwa, nikatoa, na ile ziada isiyo na mwenyewe ikamalizika karibu yote. Ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Nilipiga kelele, mama akaniambia nishushe sauti, nami nikaona yeye mwenyewe anacheka.

Nikamwuliza ami kama ananiruhusu kuzichukua. Nilimwambia ukweli kwamba atajulikana alichofanya. Akasema nichukue.

Jumamosi wenye visima walikuja, watu wawili, waungwana, na mikoba yao. Mhandisi wangu alikuwa amekesha na karatasi zangu na macho yake yanang'aa. Aliponiona aliniambia mambo ya Kizanzibari yatamuua, kisha akaniomba radhi. Akawaonesha mstari mpya, akawaeleza habari ya tangi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitaka kuruka. Lakini mmoja wao akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza. Mtu aliyesoma uongo siku zaidi ya arubaini, kwa nini waziamini karatasi zake?

Wakakubaliana hivi. Msimamizi wa kituo cha jirani apelekwe asimame kwenye mita ile, aishuhudie. Kisha ami aisome yeye mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiarabu, kwenye redio iliyo wazi, vituo vyote visikie, na jirani athibitishe. Bila ya hivyo hawachimbi.

Jirani alipofika kwenye mita, mhandisi akanigeukia. Kuita ilikuwa kazi yangu.

Nasema hapa kama ilivyokuwa. Nilijua ninamwomba nini mzee yule. Ningeweza kusema mwite wewe, au ningeweza kusema haifai, na sikusema. Niliitaka meza yangu. Nilibonyeza kitufe, nikamwamkia, nikamweleza wanachotaka. Redio ikakwaruza.

"Nisipofanya hivo wanakupeleka Ibra?" akaniuliza kwa Kiswahili. Kumbe mama alimhadithia.

"Ndiyo, ami."

"Haya. Bismillahi."

Akaisoma. Akaisoma kwa Kiarabu safi, kwa sauti niliyokuwa sijapata kuisikia kwake, pana, ya mtu anayeadhini. Elfu moja mia tatu na arubaini. Jirani akathibitisha. Kisha vituo vikaanza kuitikia, kimoja baada ya kingine, mashallah, mashallah tabarakallah, na mwisho mmoja, sijui kituo gani, akapiga mluzi mrefu wa mshangao, bila mashallah ya kuikinga namba.

Mtambo ukabaki. Mhandisi akanunua halwa ya bakuli kubwa na kahawa kwa jengo zima mpaka wauza duka wa chini. Mama akampigia simu kaka Ibra na kumwambia katika chumba kile aweke mashine ya kufulia. Ami aliandikiwa barua ya onyo, akaachwa kazini kwake, kwa sharti la kusoma namba kamili kila siku. Akasoma. Hakukosea tena hata pipa moja.

Visima vingine vikaanza kuchimbwa, na mimi nikawa na mistari mitatu, kisha minne, natumia kalamu za rangi. Na kisima cha ami kikaanza kushuka. Mhandisi alikuwa ametueleza toka mwanzo kuwa vyote vya mwamba ule hushuka, na hiki kilikuwa kinashuka taratibu kuliko alivyotarajia, hata alikuwa akifurahi. Mimi pia nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimejifunza kusoma mstari unaoshuka vizuri.

Asubuhi moja ami akaniita, shikamoo, marahaba, mama ameamkaje. Akanisomea mia tisa na sabini, na safari hii ilikuwa kweli.

Nikamwambia, "Ami, ni mwamba huo. Vyote vinashuka, na hichi chako ndicho kinachoshuka polepole."

"Mwamba naujua, mwanangu. Na ule mluzi niliusikia."

Nilikaa kwenye meza ile miaka tisa. Kwa hesabu zangu sikuchukua kitu cha mtu, na kwa hesabu zake aliitoa neema yake mwenyewe ili mimi nisiende Ibra, na hakuna siku aliyonikumbusha. Asubuhi ile nilikuwa nimeshika kitufe, macho yamejaa machozi. Akaniuliza kama kalamu iko tayari, nikasema iko, akanisomea presha.